SAN, LUN, zoni na WWN: naomba ufafanuzi kabla ya kuandika vipimo vya zabuni

Afisa_Mtumba aliandika:

Habari za leo wakuu na ndugu wote wa jukwaa. Ninafanya kazi katika kitengo cha TEHAMA cha ofisi moja ya umma hapa Dodoma. Tangu tuhamie jengo jipya upande wa Mtumba tumekuwa tukiendesha seva tatu, kila moja ikitegemea diski zake za ndani. Ya kwanza imebakiza nafasi kidogo mno, ya pili ina nafasi tele ambayo hakuna anayeitumia, na ya tatu inabeba hifadhidata ambayo watumiaji huilalamikia kila mwisho wa mwezi kwamba inasuasua. Uongozi umekubali tununue hifadhi moja ya pamoja, na mimi ndiye niliyepewa jukumu la kuandaa vipimo vya kiufundi kabla zabuni haijapandishwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma.

Kinachonikwamisha ni msamiati. Nyaraka za mfano nilizopewa zimejaa maneno kama SAN, LUN, HBA, WWN, fabriki, multipathi, "zoningi" na "maskingi", na zinayataja kana kwamba kila msomaji alizaliwa akiyajua. Mitandao ya kawaida naifahamu vizuri: anwani za IP, VLAN, kupanga swichi, hayo hayanisumbui. Ila hapa naona dunia nyingine.

Naomba msaada katika mambo manne. Kwanza, SAN inatofautiana vipi na NAS, maana muuzaji mmoja aliyekuja kutuonyesha bidhaa alituambia kwamba zote ni "storeji ya mtandao" na tusijisumbue na majina? Pili, je, ninaweza kutenga eneo moja kubwa na kuliunganisha kwenye seva zote tatu ili zisome na kuandika mafaili yale yale? Tatu, Faiba Chaneli ni ya lazima, au iSCSI inatosha? Nne, mkuu wangu wa kitengo anataka data inakiliwe papo hapo kwenda Dar es Salaam, ili siku jengo hili likipata janga kusipotee hata rekodi moja. Je, hilo linawezekana?

Bi_Hifadhi alijibu:

Ndugu Afisa, salama? Nitajibu swali lako la kwanza na la pili kwa pamoja, kwa sababu jibu la la pili limejificha ndani ya la kwanza, na muuzaji aliyekwambia msijisumbue na majina hakuwatendea haki.

Kwenye NAS, yaani hifadhi ya mafaili iliyounganishwa na mtandao, kifaa cha hifadhi ndicho chenye mfumo wa mafaili. Seva au kompyuta ya mtumiaji hukiomba faili kwa jina lake, kupitia itifaki kama NFS, iliyoanzia kwa Sun Microsystems mwaka 1984, au SMB, ambayo watumiaji wa Windows huitumia kila wanapofungua folda ya pamoja ya idara. Kwa kuwa maombi yote yanapitia kwake, kifaa hicho kinajua nani amefungua faili gani, nani ana ruhusa ya kuliandika, na nani asubiri kwanza mwenzake amalize.

Kwenye SAN, yaani mtandao wa hifadhi, hakuna faili hata moja. Seva hutuma amri za SCSI, yaani lugha ile ile ambayo imekuwa ikizungumza na diski zake za ndani tangu SCSI ilipokuwa kiwango rasmi mwaka 1986: nisomee bloku nane kuanzia namba fulani, niandikie bloku hizi kuanzia namba fulani. Bloku huwa na baiti 512 au 4,096, na kifaa cha hifadhi hakijui wala hakijali kama ndani yake mna barua ya katibu, picha ya kitambulisho au kipande cha jedwali la mishahara. Seva, kwa upande wake, inaamini kwamba imechomekewa diski ghafi. Huigawa, huiwekea mfumo wa mafaili wa kwake, na kuanzia hapo mpangilio wote wa majina, folda na ruhusa uko ndani ya seva. Kifaa cha hifadhi hakina habari nao.

Sasa angalia swali lako la pili. Ukitenga eneo moja, ukaliunganisha kwenye seva tatu, na kila seva ikalifungua kwa mfumo wa kawaida kama NTFS, ext4 au XFS, data itaharibika. Kila seva huweka katika kumbukumbu yake picha ya mahali palipo na faili na mahali palipo wazi, na haina habari kwamba kuna mwingine anayeandika. Ni kama makarani watatu wa masjala wanaotumia kabati moja, kila mmoja akiwa na rejista yake ya faragha na hakuna anayeonyeshana na mwenzake: wawili watatengea jalada tofauti nafasi ile ile, na jalada la kwanza litafunikwa bila yeyote kufanya kosa kwa mujibu wa rejista yake. Uharibifu wa namna hii ni mbaya zaidi kwa sababu hautokei papo hapo. Mambo yanaweza kuonekana sawa kwa muda, hadi seva moja iwashwe upya na isome kilichopo kwenye diski badala ya kile inachokikumbuka.

Kuna njia mbili halali za kutoka hapo. Kama unachotaka ni folda ya pamoja ya watumishi, hiyo ni kazi ya NAS, basi nunua NAS, au igeuze seva moja iwe mgawaji wa mafaili juu ya LUN yake, yaani eneo la hifadhi ililotengewa. Kama unataka seva kadhaa zitumie LUN moja kwa sababu ya mashine pepe au klasta (seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja), tumia mfumo wa mafaili uliotengenezwa kwa ajili hiyo, kama VMFS, GFS2 au OCFS2, ambamo seva huelewana kuhusu kufuli kabla ya kuandika.

Ukishaelewa kwamba kifaa hakiulizi anayeandika ni nani na kwa nini, yale maneno mengine yanajieleza. Inishieta ni upande unaoanzisha amri, yaani seva. Tageti ni upande unaopokea, yaani kifaa cha hifadhi. LUN kwa asili ni namba tu inayotambulisha eneo moja ndani ya tageti, lakini katika mazungumzo ya kila siku mafundi hulitumia neno hilo kwa eneo lenyewe. Nyuma yake kuna kundi la diski zilizofungwa pamoja kwa RAID (utaratibu wa kuunganisha diski ili moja ikifa data isipotee), kwa hiyo usitafute diski moja unayoweza kuinyooshea kidole na kusema hii ndiyo LUN namba tatu. HBA ni kadi inayokaa ndani ya seva na kuiunganisha na mtandao huo. WWN ni kitambulisho cha biti 64 kinachoandikwa kwa tarakimu 16 za heksadesimali (0 hadi 9 na A hadi F). Kila poti ya HBA huwa na WWPN yake, na kadi yenyewe huwa na WWNN. Katika kupanga zoni utakayoihitaji karibu kila mara ni WWPN, kwa hiyo unapopokea vifaa andika hizo mapema, kabla seva hazijafungwa kwenye raki na kebo kufunika lebo.

Kuhusu "zoningi" na "maskingi", hayo ni makomeo mawili katika milango miwili tofauti. Zoni hupangwa kwenye swichi, nayo huamua poti ipi iruhusiwe kuiona poti ipi. Maskingi, yaani kuficha LUN, hupangwa kwenye kifaa cha hifadhi, nayo huamua kwamba seva hii, hata kama imekwisha kufika mlangoni, itaonyeshwa LUN hizi tu na si zile. Mkiweka zoni bila kuficha LUN, seva tatu zinazotumia tageti moja zinaweza kuonyeshwa LUN zote. Seva ya Windows ikiona diski isiyoitambua humwalika msimamizi aiandae kwa matumizi, na msimamizi mwenye haraka ya Ijumaa jioni hubofya ndiyo.

Afisa_Mtumba aliandika:

Ahsante sana dada, sehemu ya rejista imenifungua macho, kwani nilikuwa nimeshachora mchoro wa LUN moja kwa seva zote tatu. Naomba mwenye kujua aniendelezee kuhusu fabriki na multipathi. Mfano wa vipimo nilionao unataka swichi mbili "zisizounganishwa", nami katika mitandao ya kawaida nimezoea swichi mbili ziunganishwe ili moja ikifa nyingine ishike kazi.

Fundi_Kizota alijibu:

Mkuu, mazoea hayo ya Etheneti yaache mlangoni. Fabriki ni swichi moja au zaidi za Faiba Chaneli, teknolojia ya mtandao iliyotengenezwa kwa ajili ya hifadhi, zinazofanya kazi kama mtandao mmoja: zinashirikiana orodha ya majina, zinashirikiana jedwali la zoni, na kwa sababu hiyo zinashirikiana pia makosa. Mtu akifuta zoni kimakosa kwenye swichi moja, mabadiliko husambaa kwenye fabriki nzima. Ndiyo maana hujengwa fabriki mbili, A na B, ambazo hazigusani hata kwa kebo moja. Kila seva huwa na poti moja ya HBA katika A na nyingine katika B, na kila kontrola ya kifaa cha hifadhi, yaani kompyuta ndogo inayokiendesha, huwa na poti pande zote mbili. Ukiharibu A yote, B haina habari.

Anayeunganisha pande hizo mbili ni seva yenyewe, kwa programu ya multipathi. Hesabu mwenyewe: seva yenye poti mbili na hifadhi yenye kontrola mbili, kila kontrola ikiwa na poti moja kila upande, hutoa njia nne za kufikia LUN moja. Bila multipathi, Linux itakuonyesha diski nne, tuseme sda hadi sdd, ambazo kwa kweli ni kitu kimoja, na ukizitumia kama diski nne tofauti umerudi kwenye balaa alilolieleza Bi Hifadhi, safari hii ndani ya seva moja. Amri ya `multipath -ll` itakuonyesha njia zilizo hai na zilizokufa. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na MPIO. Utakutana pia na ALUA, utaratibu ambao kwao kifaa huiambia seva njia zipi zinakwenda moja kwa moja kwa kontrola inayoimiliki LUN na zipi zinazunguka kupitia kontrola ya pili. Zote hufika, ila zile za kuzunguka zitumike pale tu za moja kwa moja zinapokatika.

Katika zoni, mweke inishieta mmoja peke yake na tageti zake. Usirundike seva zote katika zoni moja kwa kuokoa muda, kwa sababu seva moja ikiwashwa upya, taarifa ya mabadiliko hupelekwa kwa wote waliomo katika zoni hiyo, na wengine husumbuka bila sababu.

Swali la tatu nitalijibu bila kuficha upande wangu: mimi ni mtu wa Faiba Chaneli. Kiwango chake cha kwanza kiliidhinishwa na ANSI mwaka 1994 na tangu mwanzo ulikuwa mtandao usiopenda kutupa fremu, yaani vifurushi vya data. Mpokeaji humpa mtumaji idadi ya fremu anazoweza kuzipokea, na mtumaji akimaliza idadi hiyo husubiri hadi apewe nyingine. Etheneti ya kawaida ikielemewa hutupa, kisha TCP hugundua na kutuma tena, na hifadhidata inayosubiri bloku moja huuhisi ucheleweshaji huo. Faiba Chaneli ya gigabiti 16 hubeba takriban megabaiti 1,600 kwa sekunde kila upande, na ile ya 32 mara mbili yake. Kwa hifadhidata inayolalamikiwa kila mwisho wa mwezi, mimi nisingesita.

Mwalimu_Ng'ong'ona alijibu:

Mbukwenyi ndugu zangu. Ninamheshimu Fundi, ila kwa seva tatu naona anawavisha koti la baridi ya Makambako watu wa Dodoma.

iSCSI hufunga amri zile zile za SCSI ndani ya TCP/IP. Imesanifishwa tangu mwaka 2004 kwa RFC 3720, hati ya viwango vya intaneti, na toleo lake lililounganishwa upya, RFC 7143, ni la mwaka 2014. Hutumia poti ya TCP 3260, na badala ya WWN washiriki hutambulishwa kwa IQN, jina linaloanza na herufi hizo, likafuatiwa na mwaka na mwezi, kisha jina la kikoa lililogeuzwa. Afisa amesema mwenyewe kwamba anazijua VLAN na swichi. Maarifa hayo atayatumia moja kwa moja, wakati Faiba Chaneli itamlazimu kutafuta fundi wa nje kila zoni inapobadilika. Masharti yangu ni kwamba iSCSI ipewe swichi zake za gigabiti 10 au zaidi, au angalau VLAN isiyochanganywa na simu za ofisi na intaneti ya watumishi, na kwamba tageti zilindwe kwa CHAP, yaani uthibitisho wa utambulisho kwa neno la siri. Mkitaka kutumia fremu kubwa za baiti 9,000, zipangwe kwenye seva, kwenye swichi na kwenye hifadhi bila kuacha hata poti moja. Mahali pamoja pakisahaulika, inishieta itaingia vizuri, LUN itaonekana, amri ndogo zitapita, kisha usomaji mkubwa utaganda, na mtakesha mkimlaumu muuzaji wa diski.

Kuna pia chaguo ambalo wauzaji hawalitaji kwa sababu halina swichi ya kuuza. Hifadhi nyingi za daraja la kati huwa na poti nne kwa kila kontrola. Seva tatu zenye poti mbili kila moja zinaweza kuchomekwa moja kwa moja, poti moja kwa kila kontrola, kwa SAS (aina ya kiunganishi cha diski na hifadhi) au hata kwa Faiba Chaneli, ilimradi mtengenezaji awe anaunga mkono mpangilio huo. Mnapata njia mbili kwa kila seva, na hakuna fabriki ya kusimamia. Siku seva zikizidi nne, mtanunua swichi.

Hata hivyo, kasi ya kebo huenda si ugonjwa wenu. Diski moja inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutoa kama operesheni 80 kwa sekunde kwa usomaji wa kurukaruka. Diski 12 za namna hiyo hutoa 960. Zikiwekwa katika RAID 6, kila uandishi mdogo hugharimu operesheni sita za ndani, yaani mnabaki na maandishi 160 kwa sekunde. RAID 10 hugharimu mbili, yaani 480. Faiba Chaneli ya gigabiti 32 mbele ya diski zinazoandika mara 160 ni barabara ya njia nane inayoishia kwenye kivuko. Kumbukumbu ya muda ya kontrola husaidia kwa kipindi kifupi, lakini kazi ya mwisho wa mwezi si ya kipindi kifupi. Kwa LUN ya hifadhidata ombeni SSD, yaani diski zisizo na sehemu inayozunguka, na katika vipimo andikeni idadi ya operesheni na ucheleweshaji mnaoutaka. Msiishie kwenye terabaiti.

Fundi_Kizota alijibu:

Mwalimu, kuhusu SSD nakubali kabisa. Kuhusu kuchomeka moja kwa moja pia sina ugomvi, ila Afisa ahakikishe kwamba hifadhi anayoinunua inaweza kuongezewa poti baadaye.

Msafiri_wa_Mkongo alijibu:

Naona swali la nne limeachwa, nami ndilo eneo langu.

Kunakili papo hapo maana yake ni kwamba seva yako hapa Dodoma ikiandika, haijibiwi "tayari" hadi nakala ya Dar es Salaam nayo iwe imeandikwa. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Kwa barabara, Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450. Tuseme faiba inafuata njia hiyo hiyo bila kupinda popote, jambo ambalo halitokei. Kwenda na kurudi ni kilomita 900, yaani milisekunde 4.5 kwa kila uandishi, kabla swichi yoyote haijaongeza chake, na baadhi ya itifaki huhitaji kwenda na kurudi mara mbili kwa uandishi mmoja. SSD yako inamaliza kazi hiyo chini ya milisekunde moja. Hifadhidata ambayo tayari inalalamikiwa utaifanya isubiri mara kadhaa zaidi, na hakuna kifaa cha kununua kitakachobadilisha mwendo wa mwanga. Mkongo, yaani kebo kuu ya faiba, ukikatika, utalazimika pia kuchagua kati ya kusimamisha kazi na kuendelea bila nakala.

Kinachotumika kwa umbali huo ni kunakili kwa kuchelewa: seva hujibiwa hapa hapa, na mabadiliko hufuata Dar es Salaam baada ya sekunde au dakika kadhaa. Kwa hiyo swali la kumrudishia mkuu wako ni hili: jengo likiungua, ofisi iko tayari kupoteza kazi ya dakika ngapi? Akijibu tano, inawezekana. Akishikilia sifuri, nakala ya papo hapo iwekwe karibu, kwa mfano kati ya Mtumba na jengo lingine hapa mjini. Kwa faiba ya kilomita 20, kwenda na kurudi ni milisekunde 0.2, na hifadhidata itavumilia. Kisha kutoka hapo nakala ya kuchelewa ipelekwe Dar es Salaam.

Mwambie pia kwamba nakala hizi hazichukui nafasi ya chelezo. Mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya, kunakili papo hapo kutalifuta Dar es Salaam kwa uaminifu mkubwa. Snapshoti, yaani picha za data kama ilivyokuwa wakati fulani, zitakuokoa katika hilo, lakini kwa kawaida hukaa ndani ya kifaa kile kile, kwa hiyo kifaa kikifa nazo zimekufa.

Afisa_Mtumba aliandika:

Nawashukuru wote, kwa kweli. Nitapendekeza iSCSI au kuchomeka moja kwa moja, SSD kwa ajili ya hifadhidata, NAS ndogo kwa folda za idara, na nakala ya kuchelewa kwenda Dar es Salaam. Swali la mwisho: siku ya mapokezi, nimtake mzabuni aonyeshe nini ili kamati isitie saini kwa kuangalia taa za kijani tu?

Bi_Hifadhi alijibu:

Mwambie aanzishe kunakili faili kubwa kwenye LUN, na wakati kazi inaendelea achomoe kebo moja ya seva. Kunakili kunaweza kusimama kwa sekunde chache na kisha kuendelea bila ujumbe wa kosa. Kukikatika, multipathi haijapangwa. Airudishe kebo, asubiri hadi njia ionekane hai tena kwenye orodha, kisha azime kontrola moja nzima, na kama mmenunua swichi, azime swichi moja nzima. Baada ya hapo achomoe diski moja na kamati iandike muda ambao RAID imechukua kujijenga upya huku hifadhidata ikifanya kazi.

Aonyeshe pia kwamba seva ya kwanza haizioni LUN za seva ya pili, na kwamba tahadhari ya nafasi kujaa inafika kwenye barua pepe ya kitengo. Hili la mwisho ni muhimu sana kama LUN zitagawiwa kwa ahadi, yaani seva zikiahidiwa nafasi kubwa kuliko diski zilizopo, kwa sababu nafasi halisi ikiisha, maandishi ya seva zote yatakataliwa kwa wakati mmoja huku kila seva ikionyesha kwamba bado ina nafasi. Hayo yote yaandikwe kwenye vipimo sasa, kabla ya zabuni. Yakidaiwa siku ya mapokezi bila kuwamo kwenye mkataba, mzabuni atayakataa na sheria itakuwa upande wake.